Nusu ya Hadithi Uliyoiacha Mashuani

Mama,

Kila Ijumaa husimama mbele ya kaburi lako, nikawasalimu wote waliolala upande ule wa miiba, nikakusomea Yasini uliyonifundisha mwenyewe, kisha nikaondoka kabla mchanga haujawaka moto. Sijawahi kukuandikia. Ungeniona sasa ungetikisa kichwa na kusema lile neno lako, "Huyu naye, asema kama redio." Lakini leo ni Jumatano, Ijumaa haijafika, na yaliyomo kifuani hayatangoja.

Kesho asubuhi afisa wa elimu atarudi darasani kwangu. Akiridhika, wageni wataendelea kuingia shuleni mwetu: wachoraji, mafundi, watambaji wa hadithi. Asiporidhika, saa yao itarudishwa kwenye hesabu, nami niliyeileta fikira hiyo sitakuwa na la kusema tena mbele ya mtu yeyote katika kambi hii ya wakimbizi. Nisingekusumbua kwa mambo ya kazi. Ila shauri hili lote, Mama, limesimama juu ya hadithi yako. Ile ya mashuani.

Niruhusu nianze nyuma kidogo, kwa utaratibu, maana nikianza katikati nitalia.

Ulipotutoka nilikuwa chuoni Mombasa, na habari ilinifikia ukiwa umekwisha kuzikwa. Bi Maimuna, jirani yetu, ndiye aliyekuosha. Huniambia kwamba uso wako ulikuwa umetulia, nami humwomba arudie, naye hurudia bila kuchoka. Nilipokipokea cheti changu cha ualimu nilikitazama nikaona hakina wa kuonyeshwa. Wenzangu walitafuta shule za mjini. Mimi nilirudi huku bara, kwenye vumbi jekundu, kwa sababu nilitaka kuanzisha jambo ambalo watu wakiulizwa ni la nani watasema ni la binti wa Mwana Zena wa kisiwa cha Chula. Tamaa hiyo sikufichi. Ulinizaa nayo.

Kibanda chetu sasa kina mlango wa bati. Lile turubai ulilolitia viraka Bi Maimuna amelifanya kivuli cha kuku wake. Wale jamaa wa Koyama waliokuwa nyuma yetu wamepelekwa Ulaya, nchi yenye baridi, na mkubwa wao alituma salamu kwamba huko samaki huuzwa bila kichwa. Nyumba moja imerudi Kismayo kutazama kama kuta zao zingali zimesimama. Hatujapata habari yao hadi leo. Kila lori linalotoka upande wa mpaka hunisimamisha barabarani.

Na watoto, Mama. Watoto wetu waliozaliwa hapa hawajaiona bahari. Nyumbani husikia Kibajuni, njiani Kisomali, na ubaoni huandikiwa Kiswahili cha vitabu na Kiingereza. Mmoja wao akisema "mchu" badala ya "mtu", darasa zima hucheka. Basi wameamua kutosema kabisa. Hukaa dawati la nyuma, wamefunga midomo, na mwisho wa muhula walimu huandika kwamba ni wazito wa kuelewa. Mimi niliwajua kuwa si wazito. Nilikuwa nimewasikia wakigombana kwenye foleni ya madumu.

Ndiyo maana niliomba wapewe Saa ya Wageni: mara moja kwa juma aingie darasani mtu mwenye kazi ya mikono au ya ulimi, mtu wa kwao, watoto wajifunze kutoka kwake yale ambayo kitabu kinayataja tu. Ofisi ilikubali, kwa majaribio.

Mgeni wa kwanza alikuwa Bwana Shee. Unamkumbuka, ndiye aliyekuwa akiandika majina ya vyombo pale bandarini Kismayo, na hapa huchora mikasi ya vinyozi na ngamia wa wauza maziwa. Alikuja na mabaki ya rangi katika makopo, akawaambia watoto wachore kisiwa. Wakamtazama. Kisha Rukia, yule mjukuu wa Bi Maimuna ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake darasani, akauliza, "Kisiwa kina bomba ngapi?" Bwana Shee hakucheka. Akamjibu kwa heshima kwamba kisiwa kimezungukwa na maji pande zote. Rukia akafikiri, akasema, "Basi foleni yake ni fupi."

Nilifurahi hata nikasahau kwamba afisa alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama rangi iliyomwagika ukutani, akaniambia kwa upole, "Naona wamechangamka, Mwalimu. Lakini wamejifunza nini?" Nikamjibu kwa yote niliyoyasoma, nikapanga hoja zangu moja juu ya nyingine. Alinisikiliza kama mtu asikilizaye mvua kwenye paa la jirani. Akasema atakuja tena kumwona mgeni wa pili, kisha ataamua. Nami, kwa haraka ya kutaka kupendeza, nikasema mgeni wa pili ni mtambaji wa hadithi, mwanamke wa visiwani, asiye na mfano.

Nilimtaja Bi Maimuna kabla sijamwuliza.

Nilimkuta akichekecha unga wa mgao. Nikamweleza. Akaacha kuchekecha. "Mchana?" akasema. "Jua hili, nitoe hadithi?" Nikamwambia juu ya nafasi ya simulizi katika kukuza lugha ya mtoto, na ushirikishwaji wa jamii, na mengine. Akanitazama toka juu hadi chini. "Maneno hayo marefu, mwanangu, wayala au wayavaa?" Nikacheka, nikidhani ndiyo njia yake ya kukubali. Yeye hakucheka.

"Mimi nataka kurudi Chula," akasema. "Mchu atoaye hadithi mchana hupotewa na njia ya kwao. Mamako alitoa, sote tukimsikia. Tazama tuko wapi."

Mama, ulikuwa ukijua kwamba wanasema hivyo? Wale wanawake waliokuwa wakinyamaza ulipofika bombani, nilidhani ni kwa kukuheshimu. Nilikuwa nikijivuna kwa kimya kile.

Nilirudi kibandani nikajiambia kwamba ni itikadi tu, na kwamba mtu aliyesoma hawezi kushughulishwa nayo. Kisha nikaogopa. Niliogopa kama mtoto, Mama, mchana kweupe, huku daftari la saikolojia likiwa mapajani. Maana sikuweza kuthibitisha kwamba si kweli. Tuliondoka, na hatujarudi.

Nikajilazimisha kuikumbuka siku ile yote. Wale wenye bunduki walikuwa wamezichukua mashine za vyombo vyote, kwa hiyo tulikwenda kwa makasia, wanawake na watoto, tukifuata mikoko kuelekea kusini. Tulisikia mashine ikija. Mashua ikaingizwa chini ya matawi, matope yakanuka, na watoto wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine, kama vifaranga. Mama zao walikuwa wakiwaziba midomo kwa viganja. Wewe uliinama katikati yetu na kusema kwa sauti ndogo kabisa, "Palikuwa na binti ametumwa moto."

Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nimekwisha kuona haya kusikiliza hadithi, lakini nilisikiliza. Binti ametumwa na mamake kisiwa cha pili kuazima moto, kwa kuwa kwao jiko limezimika na mdogo wake ana homa. Akavuka kwa miguu maji yakiwa yametoka, bahari imekupwa. Huko akapewa makaa katika chungu, na wenyeji wakamshika kwa maneno, "Kaa kidogo, ama umekuja kuchukua moto?" Akasema naam, moto ndio uliomleta, lakini kwa adabu akakaa. Alipoondoka maji yalikuwa yanarudi. Yakamfika magotini. Yakamfika kiunoni. Akakiweka chungu kichwani. Yakamfika kifuani, mbele ni mbali na nyuma ni mbali, na makaa yanamlilia utosini...

Na hapo sauti ya mashine ikawa imepita, ikafifia, ikakatika. Ukanyoosha mgongo. Ukasema, "Basi. Iliyobaki nyumbani."

Uliacha hapo hapo. Watoto walikuomba njia nzima. Hapa kambini wamekuomba mpaka wakawa watu wazima. Usiku uliwatolea hadithi zote ulizokuwa nazo, isipokuwa hiyo, na mtu akikushikilia ulisema neno lile lile: iliyobaki nyumbani. Mimi nilidhani umeisahau.

Nilipofika hapo katika kukumbuka nilisimama. Nikaenda kwa Bi Maimuna bila hata kujifunga leso vizuri. Nikamwambia, "Mama hakutoa hadithi mchana. Aliianza, akaikata, hakuimaliza popote. Je, hadithi iliyokatwa imetolewa?"

Alirudi kwenye chekecheo lake la unga. Kisha akasema, kana kwamba anaongea na kuku wake, "Samaki akiwa ndoanani hujasema umempata." Na baada ya kitambo, "Zena. Alijua alifanyalo." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaniambia nimwondokee, unga unaingia vumbi.

Kwa hiyo amekubali, kwa sharti lake: atatoa nusu. Nusu ile ile yako.

Leo ameitoa. Ningependa kukuandikia kwamba ilikwenda vyema, na kwa watoto ilikwenda. Alikaa chini kwenye mkeka, akakataa kiti cha afisa. Alisema "mchu" mara nyingi alivyotaka, na hakuna aliyethubutu kucheka, kwa kuwa kila mmoja alitaka kujua maji yamefika wapi. Watoto wa Kisomali walisogea mbele wakaketi na wetu. Yalipofika kifuani, Rukia alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili kama mwenye chungu. Bi Maimuna akasema, "Basi. Iliyobaki ni ya usiku. Mkaulize kwenu." Akasimama, akajipangusa.

Afisa alifunga kalamu yake. "Mwisho uko wapi?" akaniuliza. Nikasema ndiyo kazi ya nyumbani, kila mtoto atautafuta kwa wakubwa wake. Akasema, "Umenionyesha nusu ya somo, Mwalimu." Akasema atapita kesho asubuhi kabla ya msafara wao kuondoka, na anataka kusikia kilichopatikana. Kusikia, Mama. Ndilo neno alilolitumia.

Nikamsindikiza Bi Maimuna mpaka langoni nikidhani yamekwisha. Akanishika mkono kwa nguvu. "Kesho watoto wakija wakaisema kwa midomo yao mchana, si itakuwa imekwisha mchana? Hilo umeliwaza, wewe uliyesoma?"

Sikuwa nimeliwaza.

Nimekwenda kwa Bwana Shee. Amesema atakuja na makopo yake, na watoto watauchora mwisho badala ya kuusema. Alilisema kwa wepesi, kama anayeahidi chumvi. Lakini afisa ametaka kusikia, na mimi nitamwonyesha watoto wakimya, wale wale ambao ripoti zinasema hawasemi. Itakuwaje akimgeukia mtoto na kumwamuru aseme? Mtoto hawezi kumkatalia mkubwa. Nikimzuia, nimemdharau afisa. Nisipomzuia, Bi Maimuna atakuwa pale mkekani, anasikia, na ataamini hadi siku yake ya mwisho kwamba binti wa Zena ndiye aliyeikata njia ambayo Zena aliilinda.

Hapa nilipo, nje ya ukuta wa bati, nasikia mtoto akimwuliza mamake, "Alizama?" na mama akimjibu, "Ngoja jua litue." Nyumba ya pili vivyo hivyo. Mtaa mzima unangoja jua. Nami peke yangu ningependa lisitue, kwa sababu likitua litachomoza.

...

Mama, narudi kwenye karatasi hii. Ni Alhamisi, adhuhuri imekwisha kusaliwa, na ninaandika kwa haraka, kwa hiyo uniwie radhi kwa mwandiko.

Walikuja wote, hata wale watoro. Kila mtoto alikuwa na mwisho wake, maana kila nyumba ilisema lake. Hakuna aliyewahi kuusikia kwako. Bwana Shee akawagawia rangi. Sijawahi kuliona darasa likifanya kazi kwa kimya cha namna ile. Kilikuwa kimya kilichojaa, wakisukumana kwa viwiko, wakichunguliana karatasi. Mmoja alimchorea binti mashua. Mmoja alichora mdogo wake akija kumpokea, amepona homa. Mtoto wa Kisomali alimchorea ngamia ndani ya bahari, na sina shaka nyanyake ndiye aliyempa.

Afisa aliingia. Akapita kati yao taratibu, akasimama kwa Rukia. Rukia alikuwa amechora maji mengi, binti amesimama katikati na chungu chake, na pembeni mwa bahari, bomba. Bomba letu lile, na kufuli lake.

"Hili ni nini?" akauliza afisa. "Sema, usiogope. Mwisho ni nini?"

Rukia akanitazama. Wote wakanitazama. Nikamwona Bi Maimuna ameinamisha kichwa, vidole vyake vimeshika ukingo wa mkeka. Nilikuwa na maneno mengi ya chuoni, Mama, na nakuapia sikupata hata moja. Nikasema tu, "Bwana, kwetu mwisho wa hadithi hausemwi mchana. Mwenye kuusema hupotewa na njia ya kwao. Na hawa bado wanataka kurudi. Tafadhali utazame."

Nikajua nimejifukuza kazi kwa kinywa changu.

Afisa akachuchumaa. Akaichukua karatasi ya Rukia, akaitazama bahari, akalitazama bomba, akalitazama kufuli. Akatazama tena. Nikaona anaelewa kabla yangu mimi. Mtoto ambaye hajaiona bahari anajua jambo moja juu ya maji: kwamba kuna saa yao ya kufunguliwa na saa yao ya kufungwa. Binti hakuhitaji mashua. Hakuhitaji kukimbia mbele wala nyuma. Asimame tu palepale, ashike chungu chake, maji yatafungwa. Bi Maimuna aliponyooshewa karatasi ile alicheka mpaka mtandio ukaanguka. "Na kweli maji hutoka," akasema. "Huyu hajatoka Chula hata siku moja, huyu."

Afisa hakuniuliza tena walichojifunza. Aliwaambia watoto waandike majina yao chini ya michoro, na kila mmoja maneno machache juu ya binti kabla ya mwisho; wakaandika, Mama, wale wa dawati la nyuma, mpaka penseli zikachongwa upya. Mlangoni akaniambia Saa ya Wageni itaendelea mpaka muhula uishe, kisha tutazungumza. Si ushindi mkubwa. Muhula ni mfupi, na "tutazungumza" ni neno nililolisikia katika ofisi nyingi. Usiku wa leo nitalala nikiliogopa.

Lakini nikuambie lililotokea mwisho. Msafara ulikuwa umewasha magari, na wageni wa ofisi hulala nje ya kambi, humu hawaruhusiwi usiku. Afisa aliacha mlango wa gari wazi, akarudi kwa Bi Maimuna. Akamwinamia, akamwuliza kwa sauti ya chini, kama mtoto, "Na mwisho wenyewe, mama, ni upi?"

"Njoo usiku," akamwambia.

"Usiku siwezi kuwapo."

"Basi ngoja," akasema Bi Maimuna. "Sisi nasi twangoja."

Nilipomfuata nyumbani nikamwuliza kama kweli anaujua. Akasema, "Si wangu. Ni wa mamako." Kisha akanipitisha bombani, mchana, palipojaa wanawake, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba Zena hakutoa hadithi mashuani, aliianza tu. Wakaanza kukuombea rehema mmoja baada ya mwingine, madumu mikononi. Nilitaka ulijue hilo kabla ya jambo lingine lolote, nami nimeliweka mwisho. Nimepoteza utaratibu.

Mola akupanulie hapo ulipo, akufanyie wepesi kama ulivyotufanyia chini ya mikoko. Kesho nitakuja na Yasini yangu kama kawaida, wala sitarudia haya kwa mdomo, kwani nitakuja asubuhi.

Nakuahidi hili: sitakumalizia hadithi yako hapa, kwa afisa wala kwa cheo chochote. Siku tutakayoukanyaga mchanga wa Chula nitangoja jua litue, nikae mlangoni kwetu, kama mlango upo, niianze tangu jiko lilipozimika. Mwisho siujui. Labda nikifika hapo utanijia. Hadi siku hiyo nimesimama ulipomwacha binti, maji kifuani, na chungu nimekishika kwa mikono miwili.

Mwanao,
Khadija